Betri mpya, saa bubu: kisa cha kinasa joto kwenye kituo cha maziwa

## Usuli

Kituo hiki cha kukusanya maziwa kiko nyanda za juu za Kaunti ya Nakuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sehemu ambayo usiku wa Julai hakuna anayetoka nje bila koti. Wafugaji huleta maziwa asubuhi na jioni. Karani huyapima kwa laktomita na mizani, yanamiminwa kwenye tangi la kupozea, na tangi linatakiwa kuyashusha hadi digrii 4 na kuyashikilia hapo mpaka lori la mnunuzi lifike. Majina yote nimeyaondoa, la kituo, la mnunuzi na ya watu, na mambo machache yasiyogusa ufundi nimeyabadilisha.

Stima huko hupotea, wakati mwingine dakika kumi, wakati mwingine usiku kucha. Meneja alitaka kifaa cha kuandika joto la tangi kila baada ya dakika 5, pamoja na tarehe na saa, ili ukizuka mzozo na mnunuzi kuwe na kitu cha kuonyesha. Kifaa hakikupewa betri ya kukiendesha wakati wa giza, na kwa kazi hii hapakuwa na ubaya. Stima ikikatika kinazimika. Ikirudi kinawaka na kuandika mstari mpya. Pengo kati ya mstari wa mwisho na ule mpya ndilo linalosema tangi lilikaa muda gani bila kompresa. Maana yake ni kwamba ushahidi wote ulisimama juu ya jambo moja: saa iendelee kutembea wakati kifaa chenyewe kimelala.

Kazi hiyo hufanywa na chipu ya saa. Maikroprosesa, yaani chipu inayoendesha programu ya kifaa, inaweza kuhesabu sekunde tangu iwashwe, ila ikizimwa inasahau kila kitu. Chipu ya saa ina kristali yake ya herzi 32,768. Idadi hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, kwa hiyo ikigawanywa kwa mbili mara 15 linabaki pigo moja kwa sekunde. Ina pia betri ndogo ya duara ya kuiendesha stima ikiondoka, na huzungumza na maikroprosesa kwa nyaya mbili, SDA ya data na SCL ya mapigo, kwa itifaki ya I2C.

Aliyepewa kazi ni kijana aliyesomea elektroniki chuo cha ufundi, mwenye kibanda mjini Nakuru anapotengeneza simu na inveta. Nitamwita fundi. Ni mtu makini, mkono wake wa kulehemu ni safi kuliko wangu, na msomaji asije akadhani kisa hiki kinahusu kazi ya ovyo. Karibu kila uamuzi aliofanya ulikuwa na sababu nzuri.

## Toleo la kwanza

Toleo la kwanza lilitumia Arduino Uno, yaani ubao wenye maikroprosesa ya ATmega328P inayokula volti 5, kihisi joto cha DS18B20 kilichofungwa kwenye bomba la chuma, kadi ya kumbukumbu, na chipu ya saa ya DS1307. Chipu hiyo ina pini 8: mbili za kristali, moja ya betri, moja ya ardhi yaani GND, SDA, SCL, moja ya kutoa mapigo, na moja ya umeme mkuu, VCC. Fundi aliilehemu mwenyewe kwenye ubao wake badala ya kununua moduli iliyokwisha tengenezwa.

Lilifanya kazi kwa miezi mingi. Lalamiko lilikuwa moja tu, saa ilikuwa ikichelewa, na zaidi ya vile kristali ya kawaida inavyopaswa kuchelewa. Sababu ilipatikana upesi. Fundi alikuwa ameweka kapasita mbili za pikofaradi 22 kando ya kristali, kama inavyofanywa kwa kristali ya megaherzi 16 ya Arduino. DS1307 haizihitaji. Imetengenezwa kwa kristali ya pikofaradi 12.5 na uwezo huo umo ndani ya chipu. Ukiongeza kapasita za nje unailemea kristali na mapigo yanapungua. Alizing'oa, mwendo ukarekebika.

Uchelewaji kidogo ulibaki, na huo ulikuwa wa baridi. Kristali hizi hukatwa ziende sawa kwenye nyuzi 25 hivi. Joto likipanda au likishuka zinapunguza mwendo, takriban sehemu 0.034 kwa milioni kwa kila digrii ya tofauti, ukiipiga tofauti hiyo kwa yenyewe kwanza. Chumba kikiwa nyuzi 10 usiku, tofauti ni 15, kipeo chake cha pili ni 225, na matokeo ni sehemu karibu 8 kwa milioni, kama theluthi mbili za sekunde kwa siku. Kisumu penye joto la 33 tatizo hilo lingekuwa dogo zaidi. Meneja aliambiwa arekebishe saa kila mwisho wa mwezi, naye akaridhika.

## Mambo yalivyokwenda

Baadaye meneja alitaka kuona joto la tangi kwenye simu akiwa nyumbani. Fundi akahamia kwenye maikroprosesa ya ESP32, ambayo ina Wi-Fi ndani yake. Hiyo huendeshwa kwa volti 3.3, na pini zake hazikuundwa kupokea 5. Fundi alilijua hilo. Akauhamisha umeme wa DS1307 kutoka volti 5 hadi 3.3, ili kila kitu kwenye ubao kiwe na kimo kimoja cha volti, akaunganisha SDA kwenye pini 21 na SCL kwenye 22. Mezani saa ilijibu mara ya kwanza. Betri aliyoiweka aliitoa kwenye kompyuta mbovu iliyokuwa kibandani.

Kifaa kilirudishwa kituoni, kikafanya kazi wiki kadhaa, na stima ilipopotea saa iliendelea kuhesabu. Kisha fundi akapita kukihudumia. Alipima betri ya duara, mita ikaonyesha volti 2.5, akaona imechoka. Akamwambia meneja anunue mpya. Meneja akanunua nzuri, akaiweka mwenyewe kesho yake.

Tangu siku hiyo mistari kwenye kadi ikawa hivi:

165/165/2165 165:165:85, 3.9
165/165/2165 165:165:85, 3.8

Joto lilikuwa sahihi. Tarehe ilikuwa upuuzi. Meneja alidhani ameuziwa betri bandia, akanunua nyingine duka jingine. Hali ikawa ile ile.

Fundi alirudi akiwa na dhana tatu, akazifuata kwa zamu. Kwanza, chipu imekufa, akaweka mpya. Pili, chipu zote mbili ni bandia, kwa sababu DS1307 za kuigiza ziko sokoni tele. Akaagiza ya tatu kwa muuzaji mwingine. Tatu, mawimbi kwenye nyaya ni dhaifu. Akapunguza rezista za kuvuta juu kutoka kiloomu 10 hadi 4.7, kisha 2.2, na kufupisha nyaya. Hakuna kilichobadilika.

Katika hangaika hiyo aliitoa betri na kuiacha pini yake hewani. Saa ikajibu. Akafurahi, na unaweza kumwelewa, maana maziwa ya jioni yalikuwa yakiingia na meneja amesimama mlangoni. Akaondoka akiacha kifaa bila betri, akipanga kurudi wikendi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli. Chipu isiyo na betri stima ikikatika inapoteza saa, na ikiamka huwa imesimama: biti ya juu kabisa ya rejista ya sekunde, iitwayo CH, inakuwa 1. Programu ya fundi ilikuwa na mistari miwili ambayo imenakiliwa kutoka mafunzo hadi mafunzo duniani kote, inayosema kwamba saa ikikutwa imesimama, iwekwe kwenye saa ambayo programu yenyewe ilitafsiriwa kwenye kompyuta kuwa lugha ya mashine. Kwa hiyo kila stima iliporudi, kifaa kilijiona kiko kwenye Jumanne moja ya mwezi uliopita, saa tano asubuhi, na kuendelea kuandika kuanzia hapo kwa utulivu kabisa. Aliyegundua ni karani wa zamu ya usiku, alipoona kurasa mbili zenye tarehe moja na joto tofauti.

Fundi akatafuta njia ya kuikwepa chipu. ESP32 inaweza kuchukua saa kwenye intaneti kwa itifaki ya NTP, kisha kuongeza saa 3 za Afrika Mashariki. Akaandika programu mpya usiku huo. Ilifanya kazi vizuri mpaka stima ilipopotea tena, kwa sababu ruta nayo huzimika, na stima ikirudi ESP32 huamka ndani ya sekunde chache wakati ruta bado inatafuta mtandao. Mistari ya kwanza baada ya kila giza ikasomeka tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Mwaka 1970 ndio sifuri ya hesabu ya saa ndani ya kompyuta nyingi, na saa tisa ni zile saa 3 za kwetu zilizojumlishwa kwenye sifuri.

Asubuhi moja baada ya usiku wa namna hiyo mnunuzi alipima maziwa, akayakataa tangi zima, na kuuliza tangi lilikaa bila kupozwa muda gani. Meneja alifungua rekodi. Mstari wa mwisho kabla ya giza ulikuwa wa saa nne usiku, uliofuata ulikuwa wa 1970. Rekodi nzuri isingeyapoza maziwa, lakini ingejibu swali. Ndipo fundi akanipigia simu.

## Vipimo

Nilimkuta karani kabla ya kumkuta fundi. Ana daftari la kurasa 96 ambalo huandika kila kitu: mzigo wa kila mfugaji, saa ya lori, stima ilipopotea na iliporudi kwa saa ya simu yake, na nani aligusa nini. Akaniambia, "Mwalimu, hii saa ilianza kuugua siku tuliyoiwekea betri mpya." Meneja akacheka kidogo. Fundi akasema betri haihusiki, maana ni mpya na ameipima. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Kabla ya kugusa kitu niliisoma ile 165, kwa sababu upuuzi wa namna hiyo una maana. Chipu hizi huhifadhi tarakimu kwa mtindo wa BCD: biti nne za juu ni makumi, biti nne za chini ni mamoja. Sekunde 45 inakaa kama 0100 0101. Baiti yenye moja tupu, 1111 1111, ni 15 ya makumi na 15 ya mamoja, 150 na 15, jumla 165. Kwenye sekunde programu huiondoa kwanza ile biti ya CH, kunabaki 111 1111, ambayo ni 70 na 15, yaani 85. Kwa hiyo chipu haikuwa imetoa saa mbaya. Haikutoa chochote. Maikroprosesa iliuliza na kupata kimya, na kwenye programu ile kimya husomeka kama moja tupu.

Tukarudisha DS1307 na betri mpya, tukaendesha programu ya kutafuta anwani. Anwani ni namba ambayo chipu huitwa nayo kwenye nyaya za I2C, na ya DS1307 ni 0x68. Haikuonekana. Tukaweka mita. VCC volti 3.28. Betri mpya volti 3.2. Nikamwomba fundi ile betri kuukuu. Alikuwa hajaitupa, ilikuwa kwenye mkebe wa skrubu. Volti 2.5. Tukaiweka, 0x68 ikatokea, saa ikasoma. Tukarudisha mpya, ikapotea. Tukafanya hivyo mara kadhaa hadi meneja akaacha kucheka.

Jibu liko kwenye karatasi ya mtengenezaji. DS1307 inalinganisha VCC na betri wakati wote. VCC ikishuka chini ya mara 1.25 ya volti za betri, chipu inaamini kwamba stima inakatika, inakatisha mazungumzo yoyote yaliyokuwa yakiendelea, na kukataa kusikia tena, ili maikroprosesa inayokata roho isije ikaandika takataka kwenye saa. Ni kinga nzuri sana. Sasa piga hesabu. Betri ya 3.2 mara 1.25 ni volti 4.0. VCC ya 3.28 haitafika hapo hata kwa dawa. Betri ya 2.5 mara 1.25 ni 3.125, na 3.28 inapita juu yake. Betri iliyochoka ndiyo iliyokuwa ikifanya kifaa kionekane kizima.

Saa yenyewe haikuwahi kusimama kwa sababu ya betri mpya. Ndani ilikuwa ikitembea kama kawaida, mlango ndio uliofungwa.

Nami niongeze kwamba hata ile iliyokuwa ikijibu ilikuwa nje ya sheria. Karatasi hiyo hiyo inataka VCC ya DS1307 iwe kati ya volti 4.5 na 5.5. Na pini ya betri isipotumika inatakiwa kuunganishwa na GND; kuiacha hewani ni kuiacha chipu ikisie.

## Maamuzi na sababu zake

Palikuwa na njia mbili, tukazitumia zote, moja ya leo na moja ya baadaye.

Ya leo ilikuwa kuirudisha DS1307 kwenye volti 5. Fundi alishtuka, akidhani pini za ESP32 zitaungua. Hapa ndipo penye kiini cha kisa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwenye I2C hakuna chipu inayosukuma volti kwenye nyaya. Kila moja inaweza tu kuuvuta waya chini hadi GND au kuuachia, na waya ukiachiwa hupandishwa na rezista za kuvuta juu. Kimo cha volti kwenye SDA na SCL kwa hiyo huamuliwa na mahali rezista hizo zimefungwa. VCC ya chipu haina usemi hapo. Rezista zikifungwa kwenye 3.3, ESP32 haitaona zaidi ya 3.3, hata kama DS1307 inakula 5. Na je, DS1307 itaielewa 3.3 kama moja? Inahitaji angalau 2.2. Inatosha.

Kwa kuwa ubao ni wa fundi mwenyewe, tulikata njia moja ya shaba, tukalehemu waya mmoja kutoka volti 5 hadi pini ya 8, rezista zikabaki 3.3. Zilirudishwa kiloomu 4.7, 2.2 haikuwa na kazi. Mwenye moduli ya dukani aangalie kwanza, maana nyingi zina rezista zake ndogo zilizofungwa kwenye VCC, na hizo lazima ziondolewe kabla ya kujaribu jambo hili.

Njia ya baadaye ilikuwa kubadilisha chipu. Tulichagua DS3231, ambayo fundi aliiagiza kutoka maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Inakubali volti 2.3 hadi 5.5, haina ile sheria ya 1.25, na kristali yake imo ndani pamoja na kipimajoto kinachosahihisha mwendo. Kosa lake halizidi sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40, kama dakika moja kwa mwaka mzima. Kwa chumba cha baridi hiyo ni tofauti kubwa. Tulisoma maandishi juu ya chipu kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu kuna ndugu yake, DS3231M, isiyotumia kristali, ambayo kosa lake linafika sehemu 5 kwa milioni. Nayo si mbaya, ila ujue ulichonunua.

Moduli za bei nafuu za DS3231 zina jambo moja baya. Zina rezista ya omu 200 na dayodi kutoka VCC hadi kwenye betri, kwa ajili ya kuchaji betri ya LIR2032. Watu wengi huweka CR2032, ambayo haichajiwi. Kwa VCC ya volti 5 betri hiyo inasukumiwa volti zaidi ya 4 mchana na usiku, na inaweza kuvimba au kuvuja. Kwa 3.3 dayodi hula kiasi kwamba hakuna cha maana kinachofika. Hata hivyo fundi aliitoa rezista hiyo, kwa hoja kwamba kesho mtu mwingine anaweza kuihamisha moduli kwenye volti 5. Hoja hiyo ilikuwa yake, na ninaipenda.

Kwenye programu, ile mistari miwili ya kuweka saa ya kutafsiriwa iliondoka. Sasa kifaa kikiamka kinasoma biti ya OSF kwenye rejista ya hali ya DS3231, ambayo husimama kwenye 1 kama kristali iliwahi kukoma. Kinasoma pia mstari wa mwisho kwenye kadi. OSF ikiwa 1, au saa ikiwa nyuma ya mstari wa mwisho, kifaa kinaendelea kuandika joto lakini kila mstari unapata alama ya swali kwenye safu yake. Intaneti haikuachwa: ruta ikiwa tayari, saa ya NTP inalinganishwa na ya chipu, na tofauti ikizidi sekunde 2 chipu inasahihishwa na sahihisho lenyewe kuandikwa kwenye rekodi. Saa ya chipu ni ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Kenya haibadilishi saa kwa misimu, na karani anapoilinganisha na simu yake hahitaji kujumlisha kitu.

## Matokeo

Waya mmoja ulirudisha saa jioni ile ile, na betri mpya ikiwa ndani. DS3231 ilipofika iliwekwa, na tofauti na daftari la karani tangu hapo ni ya sekunde, ambayo ni kosa la macho ya binadamu kuliko la chipu.

Wakati wa majaribio lilijitokeza jambo ambalo halikuwepo kwenye malalamiko. Tulipobonyeza kitufe cha kuanzisha upya ESP32 katikati ya kusoma, mara chache laini ya SDA ilibaki chini na hakuna kilichojibu tena. Maikroprosesa ilikuwa imeanza upya, chipu ya saa haikuwa na habari. Bado ilikuwa ikingoja mapigo ya kumaliza baiti iliyoianza. Dawa ni kutuma mapigo 9 kwenye SCL kabla ya kuanza mazungumzo. Mistari sita ya programu, imeongezwa.

Maziwa yaliyokataliwa hayakulipwa. Mnunuzi hakubadilisha uamuzi, wala rekodi za wiki zile hazikuweza kutengenezwa upya, isipokuwa sehemu ndogo kwa kufuata daftari.

## Uchambuzi

Jambo la kwanza la kuuliza ni kwa nini fundi mzuri alitafuta kila mahali isipokuwa kwenye betri. Kwa maoni yangu ni kwa sababu betri ilikuwa imepimwa na kukutwa nzuri, na kitu kizuri huondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Alipima kila volti peke yake. Zote zilikuwa sawa peke yake. Hitilafu ilikaa kwenye uwiano wa volti mbili, na uwiano hauonekani mpaka uandike namba zote mbili kwenye karatasi moja. Karani alikuwa nao, kwa namna yake, kwa sababu yeye aliandika matukio kwa mfuatano bila kujua lipi lina maana.

La pili ni jaribio la mezani. Chipu ya saa hununuliwa kwa ajili ya muda ambao stima haipo, lakini karibu kila mtu huijaribu stima ikiwepo: inaonyesha saa, basi ni nzima. Fundi alijaribu kuzima na kuwasha, ambayo ni zaidi ya wengi, lakini kwa betri moja tu. Jaribio linalofaa lina betri mpya kabisa, betri iliyochoka, na bila betri, na katika kila hali chomoa chaja ukutani, ngoja, rudisha, linganisha na simu. Angechukua betri mpya siku ile ya kwanza kibandani, kisa hiki kisingekuwepo.

Kuhamia volti 3.3 lilikuwa wazo sahihi lililotekelezwa kwenye pini isiyo sahihi. Alitaka kulinda ESP32, na cha kuhamisha kilikuwa rezista mbili, si VCC. Hili naliona mara nyingi kwa wanafunzi wanaotoka kwenye Arduino ya zamani. Wanajua kwamba volti 5 ni hatari kwa pini mpya, hawajafundishwa volti hizo zinafikaje kwenye waya wa I2C.

Kubadilisha chipu mara mbili kabla ya kusoma ile 165 kulikula muda na pesa. Anwani ikikosekana kabisa na namba zikiwa moja tupu, tatizo ni la umeme au nyaya. Programu ya saa haijafikiwa hata kidogo. Namba zikiwa za kuaminika lakini si sahihi, tazama betri, CH au OSF, na mwendo wa kristali. Kujua uko upande upi kunamaliza nusu ya kazi.

Uamuzi mbaya kuliko yote, kwangu, ni ile mistari miwili ya saa ya kutafsiriwa, na si ya fundi peke yake. Mtu akiona mwaka 2165 anajua saa imeharibika. Hata 1970 inajitangaza. Jumanne ya mwezi uliopita haijitangazi. Inaingia kwenye rekodi ikiwa na sura ya ukweli. Kifaa cha ushahidi kisichojua saa ni bora kiseme hakijui.

Kilichofaa toka mwanzo ni kadi kuwa na maandishi ya kawaida yanayosomeka kwa macho, na fundi kutofuta mstari hata mmoja, hata ile ya aibu. Bila mistari ile ya 165 ningetumia mchana mzima kufika mahali ilipotufikisha kwa dakika chache.

NTP kama saa pekee isingefaa hapa hata ruta ikipewa betri. Nguzo ya mtandao wa simu nayo ina betri yake, na giza refu huimaliza. Kama msahihishaji wa chipu inafaa sana, na kazi hiyo ndiyo iliyobaki nayo.

Fundi alikuwa ameuza vifaa vingine viwili vya toleo la pili kwa vituo vingine vya kaunti, vyote vikiwa na DS1307 kwenye volti 3.3 na betri za kutoka kwenye kompyuta kuukuu, vyote vikifanya kazi bila lalamiko. Kimoja tulikipima betri yake ikiwa 2.6, saa ikijibu vizuri. Alikata njia ya shaba na kulehemu waya wa volti 5 hapo hapo, akaweka betri mpya, akaandika tarehe ya betri kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko.